Kwa Nini Kompyuta Mpya Huchelewa Kuwaka

Katika mji wa Chunya, uliokuzwa na dhahabu ya Lupa tangu miaka ya 1920 na ambao hadi leo huamkia ngurumo za makarasha na mizani ya wanunuzi wa madini, iko kazi nyingine ya asubuhi isiyotajwa sana katika habari za mji ule, nayo ni kazi ya maduka ya steshenari, ambamo mkulima wa tumbaku huja kuchapiwa barua ya chama chake cha msingi, kijana aliyehitimu huja kutuma maombi ya ajira serikalini, mzazi huja kutazama matokeo ya mtihani wa mwanawe, na mchimbaji mdogo huja kutoa nakala za leseni yake. Shughuli hizi zote hutegemea kompyuta mpakato moja au mbili zilizowekwa juu ya meza. Na aghalabu mteja wa kwanza, awasilipo duka likifunguliwa, humkuta mwenye duka ameketi mbele ya kioo cheusi, mikono ameifumbata, akingoja. Mteja akiuliza, "Kaka, umeme umekatika?" hujibiwa, "Umeme upo, mama. Ni mashine tu inachelewa kuwaka, nayo ni mpya, haijamaliza hata miezi mitatu."

Malalamiko hayo yana haki, kwa kuwa mtu aliyetoa fedha zake kununua chombo kipya hana sababu ya kutarajia uzito wa chombo kikuukuu. Lakini katika biashara yetu ya kompyuta neno hilo "mpya" hubeba mambo mengi. Mashine nyingi zinazouzwa Mwanjelwa mjini Mbeya, na baadaye kupandishwa milima hadi Chunya, ni mpya kwa mnunuzi tu, kwani zilikwisha kufanya kazi katika ofisi za ughaibuni, zikasafishwa, zikavishwa maganda safi na kuletwa kwetu kwa njia ya Dubai na Kariakoo; na hata zile zilizotoka kiwandani moja kwa moja, zikiwa bado na karatasi yake ya nailoni, aghalabu ni za daraja la bei nafuu, zilizopunguziwa vitu vya ndani ili bei ishuke. Upya wa umbo hauna dhamana yoyote juu ya wepesi wa kuwaka.

Dawa inayopendekezwa na watu wengi ni moja, nayo ni kuipeleka mashine kwa fundi "akaipige Windows upya," yaani afute kila kitu na kuweka mfumo endeshi mwingine. Mimi sina ugomvi na mafundi, ambao wengi wao ni vijana hodari waliojifunza kazi kwa macho na mikono yao wenyewe. Lakini dawa hii hutolewa kabla ya maradhi kujulikana, na mara nyingi nafuu inayopatikana hudumu wiki chache tu, kisha hali hurudi ilivyokuwa. Sababu ya kurudi ni bayana: kuchelewa kwa mashine kuna mahali pake, na mahali hapo pasipotafutwa, hata ukiipiga Windows kila mwezi utakuwa umefagia sebule ilhali uchafu uko jikoni.

Yamkini tabia hii ya kutibu bila kupima ina mizizi katika namna elimu ya kompyuta ilivyotufikia. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, mashine ya aina ya ICT 1500 iliyowekwa katika Wizara ya Fedha. Lakini haikupita miaka kumi kabla serikali, mwaka 1974, haijapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya kuona gharama ni kubwa na faida haionekani. Kizazi kizima kikakulia mbali na mashine hizi, na ziliporudi kwa wingi zilikuta shule hazina waalimu wa kuzifundisha, ikawa maarifa yake yanapita kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake, kwa mfano wa ufundi wa saa au wa redio, pamoja na mazuri yake na makosa yake. Leo Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na wanafunzi wake wamo kila mtaa. Hata hivyo desturi ya kupiga Windows kwa kila homa bado inatawala.

Basi na tutazame kinachotokea kidole kinapobonyeza kitufe cha kuwashia. Kwanza huamka programu ndogo iliyochomwa kiwandani ndani ya chipu iliyo juu ya ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Nayo hukagua viungo, kumbukumbu, kibodi, diski na vyote vilivyochomekwa, kisha hutafuta diski yenye mfumo endeshi. Pili, mfumo endeshi wenyewe huanza kupakiwa kutoka diskini kuingia katika kumbukumbu ya kazi, pamoja na programu ndogo ndogo za kuendeshea kioo, sauti, mtandao na vifaa vingine. Tatu, baada ya mtu kuingiza nywila yake na picha ya mezani kuonekana, hufuata kundi la programu zilizojiandikisha kuanza peke yake kila mashine iwakapo. Watu wengi hudhani kazi imekwisha wanapoiona picha ile, ilhali katika mashine nzito hapo ndipo taabu yenyewe inapoanza: kipanya kinasogea lakini hakuna kinachofunguka, taa ndogo ya diski haiachi kumetameta, na feni inavuma.

Mgawanyo huu wa hatua tatu una manufaa makubwa, kwa sababu kila hatua ina wakosaji wake. Ikiwa nembo ya kiwanda ndiyo inayokaa muda mrefu kiooni, shaka iko katika hatua ya kwanza, na mara nyingi mkosaji ni flashi au diski ya nje iliyosahauliwa imechomekwa, ambayo mashine inajitahidi kuisoma ikidhani ndimo ulimo mfumo endeshi. Itoe, uwashe tena, na huenda shida ikaishia hapo. Katika mashine nyingi zenye Windows 10 au 11 hata kipimo chake kipo: bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, ifunguke programu iitwayo Task Manager, kisha katika ukurasa wa programu za kuanzia, upande wa juu, utaona sekunde zilizotumiwa na hatua hiyo ya kwanza. Ukikuta ni chini ya sekunde kumi au kumi na tano, usimlaumu mtengenezaji wa mazabodi, bali geukia hatua zinazofuata.

Hatua ya pili ni ufalme wa diski, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo penye siri ya dakika nyingi zinazopotea. Diski ya kwanza ya sahani zinazozunguka ilitolewa na IBM mwaka 1956, ikiwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na kwa ukubwa wote huo iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Diski za leo zimepungua umbo hata kuenea kiganjani na zimeongezeka uwezo mara nyingi mno, lakini kanuni yake haikubadilika: sahani huzunguka, na juu yake mkono hutafuta mahali pa kusoma, kama mkono wa gramafoni juu ya santuri, isipokuwa mkono huu hauigusi sahani. Katika kompyuta mpakato nyingi sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Jambo hilo laonekana ni kasi kubwa, na kwa kusoma faili moja refu lililopangwa mfululizo ni kasi ya kutosha. Lakini mfumo endeshi unapoamka hauhitaji faili moja refu, bali huhitaji maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko, na kwa kila kipande mkono hauna budi uhame, utulie, kisha ungoje sahani ilete mahali panapotakiwa. Kwa hesabu hiyo diski ya sahani huweza kuokota vipande mia moja hivi kwa sekunde, si zaidi sana. Programu kumi zikiomba vipande vyake wakati mmoja, mkono huo hurukaruka baina yake zote na kila moja hupata kidogo, nacho kichakataji, hata kingekuwa cha bei ghali namna gani, hukaa bure kikingoja kuletewa.

Diski isiyo na sahani, ile iitwayo SSD, haina kitu kinachozunguka wala mkono unaohama. Msingi wake ni chipu za kumbukumbu zilizobuniwa katika miaka ya 1980 na mhandisi Mjapani, Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi Toshiba. Chipu hizo hushika maandishi hata umeme ukiondoka, na kipande chochote husomeka kwa haraka ile ile popote kilipo. Vipande mia kwa sekunde hugeuka kuwa makumi ya maelfu. Ndiyo maana mashine ambayo kwa diski ya sahani ilichukua dakika mbili au tatu hadi kufanya kazi, ikibadilishiwa diski tu, bila kuguswa kitu kingine, huweza kuwaka kwa sekunde zisizozidi ishirini au thelathini. Na katika matengenezo yote ya kompyuta silijui jingine ambalo fedha kidogo hununua nafuu kubwa namna hii. Fundi mwenye insafu atakuuliza kwanza kama unataka anakili diski yako ya zamani kuingia katika mpya, pamoja na mfumo na mafaili yote, kwa kuwa jambo hilo lawezekana. Yule anayefuta kila kitu kabla ya kuuliza umwogope.

Mashine mbili, hata hivyo, hazitibiki kwa njia hii. Ya kwanza ni ile iliyo na SSD tangu mwanzo, kwa hiyo tatizo lake liko kwingine. Ya pili ni kompyuta mpakato nyembamba za bei ya chini kabisa, zinazonunuliwa sana kwa ajili ya wanafunzi, ambazo hifadhi yake ni ya aina iitwayo eMMC, iliyounganishwa kwa risasi juu ya ubao mkuu, yenye nafasi ya gigabaiti 32 au 64. Hifadhi hiyo haina sahani, na muuzaji hatakosa kukwambia hivyo, lakini ina unyonge wake, haibadilishiki, na gigabaiti 64 ndicho kima cha chini kabisa ambacho Windows 11 hukubali, hivi kwamba nafasi ikikaribia kujaa mashine huanza kujikokota. Mwenye chombo cha namna hii ahamishie picha na video zake katika diski ya nje au kadi, aondoe programu asizozitumia, na asitazamie miujiza.

Sasa tuje katika hatua ya tatu, ambayo kwa mashine mpya kweli, zenye diski nzuri, ndiyo aghalabu yenye hatia. Kiwanda hakiuzi chombo kitupu. Hutia ndani yake programu za kampuni mbalimbali zilizolipia nafasi hiyo, mojawapo ikiwa ni ya kuzuia virusi, iliyotolewa kwa majaribio ya siku chache, ambayo muda wake ukiisha hubaki ikisumbua kwa maonyo na kula nguvu wakati wa kuwaka, ilhali Windows yenyewe ina mlinzi wake wa ndani anayetosha kwa mtumiaji wa kawaida. Mwenye duka naye huongeza za kwake: programu ya printa ya kwanza, programu ya printa ya pili, ingawa ile ya kwanza ilikwisha kuharibika na kutupwa, programu ya kupigia simu za video, ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ya kusasisha kivinjari, na nyingine zilizoingia kwa kufuatana na wimbo uliopakuliwa. Kila moja hujipa heshima ya kuanza mapema, na nyingi hukimbilia kutafuta mtandao mara tu zinapoamka. Na mahali ambapo mtandao ni wa simu na asubuhi haujawashwa, hungoja, hujaribu tena, na kuongeza msongamano bila faida.

Kuziondoa katika foleni hiyo hakuhitaji fundi. Katika ukurasa ule ule wa Task Manager tulioutaja kuna orodha ya programu za kuanzia, na mbele ya kila moja limeandikwa kadirio la uzito wake katika kuwaka, kubwa, la kati au dogo. Iguse programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Disable. Programu haitafutika, itakaa mahali pake ikingoja uiite mwenyewe utakapoihitaji. Ziache za sauti, za kipanya cha mguso na za ulinzi. Hizi nyingine, hususan zile usizozikumbuka zilivyoingia, zizuie moja moja, uwashe upya, utazame tofauti. Zile za majaribio zilizotiwa na kiwanda ziondoe kabisa. Wala usishawishike na programu zinazojitangaza kuwa huongeza kasi ya kompyuta, kwa kuwa jambo la kwanza zifanyalo ni kujiandikisha katika orodha ile ile ya kuanza pamoja na mashine.

Kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, nitaitaja kwa ufupi. Gigabaiti 4 ni kima cha chini cha Windows 11, na nyingi ya hizo huliwa na mfumo wenyewe kabla hujafungua chochote. Zinapojaa, mashine huanza kuhamisha vitu kwenda diskini na kuvirudisha, na kama diski ni ya sahani, tumekwisha kueleza matokeo yake. Gigabaiti 8 hutosha kwa kazi za steshenari, na mashine nyingi, ingawa si zote, zina nafasi ya kuongeza.

Lipo jambo moja ambalo huwasumbua wanunuzi wa mashine mpya za kiwandani na ambalo si ugonjwa hata kidogo. Katika siku zake za mwanzo mashine hupakua masasisho mengi, huorodhesha mafaili, huchunguza diski nzima, na baadhi husimba maandishi yote ili mwizi asiyasome. Mahali penye intaneti ya waya mambo haya humalizika kwa siku moja au mbili. Chunya, ambapo mwenye mashine huunganisha kwa simu yake na bando ni la kuhesabu, masasisho huanza, bando hukatika, mashine huzimwa, na kesho yake huanza pale pale. Wiki kadhaa hupita kompyuta ikiwa katika hali ya kutengenezwa nusunusu, nzito kila asubuhi, na mwenyewe anasadiki kwamba ameuziwa kitu kibovu. Ipelekwe mara moja mahali penye mtandao wa kutosha, iachwe usiku kucha kwenye umeme mpaka imalize kila kitu na kuwashwa upya. Baada ya hapo unaweza kuiambia katika mipangilio kwamba mtandao wa simu yako una kipimo, nayo itapunguza tamaa.

Suala la umeme nalo lina sehemu yake. Kompyuta nyingi za madukani betri zake zilikwisha kufa, zikawa zinaishi kwa waya peke yake. Umeme ukikatika ghafla, nazo huzimika katikati ya kuandika, na zinapowashwa tena hulazimika kuikagua diski, kazi ambayo kwa diski kubwa ya sahani huchukua muda mrefu. Mwenye duka huona mashine "imeganda," huizima kwa nguvu, na kuongeza madhara juu ya madhara. Betri mpya, hata ya kushika chaji kwa nusu saa tu, ni tiba ya ucheleweshaji ambayo watu hawaihesabu kuwa tiba. Vumbi la kiangazi, ambalo mwenyeji yeyote wa Chunya analijua bila kuelezwa, huziba feni na kuifanya mashine ipunguze kasi kwa kuogopa joto, isafishwe.

Kadhalika wengi hawajui kwamba tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuzima kompyuta si kuzima kamili. Mfumo huweka diskini picha ya kiini chake, ili kesho uisome picha hiyo badala ya kuanza upya, na kwa diski nzito jambo hili huokoa muda mwingi. Lakini kasoro iliyoingia leo huhifadhiwa pamoja na picha, ikarudi kesho na keshokutwa. Ndiyo sababu mashine iliyozimwa na kuwashwa mara kumi bila kupona huweza kupona ikichaguliwa Restart mara moja, kwani hilo ndilo huanza mambo yote tangu mwanzo. Fanya hivyo angalau mara moja kwa wiki.

Je, hakuna wakati wa kupiga Windows? Upo: pale virusi vilipoingia, au mafaili ya mfumo yalipoharibika. Hata hivyo, iwe ni Windows halali, si ile inayofunguliwa kwa programu za wizi wa leseni, ambazo mara nyingi hubeba ndani yake hasa kile unachokimbia. Na kabla fundi hajagusa diski wala mipangilio ya mazabodi, hakikisha unao ufunguo wa kufungulia maandishi yaliyosimbwa, ambao kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza. Bila ufunguo huo mafaili yako hayatarudi kwa ufundi wa mtu yeyote. Wenye mashine za ughaibuni wajue pia kwamba Windows 10 iliachwa na watengenezaji wake tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazina chipu ya usalama ambayo Windows 11 huitaka. Kwa hizo, Linux ya aina nyepesi, isiyo na malipo, juu ya SSD, huzirudishia uhai kwa kazi za kuandika na kuvinjari, ijapokuwa mwenye steshenari atazame kwanza kama printa zake zitaitii.

Kwa yule ambaye bado hajanunua, na ambaye labda wiki hii atapanda gari kwenda Mbeya akiwa na fedha za msimu wa tumbaku, mambo haya hujaribiwa dukani kwa dakika tano. Mwambie muuzaji aiwashe upya mbele yako kwa Restart, si kwa kufunua kifuniko cha mashine iliyokuwa imelala, na utazame saa. Ikisha kuwaka, fungua Task Manager, ukurasa wa utendaji. Hapo pameandikwa kama diski ni SSD au HDD, yaani ya sahani, na kumbukumbu ni gigabaiti ngapi. Kama diski ni ya sahani lakini vingine vinakuridhisha, omba bei yenye SSD ndani yake, uiandikiwe katika risiti. Na muuzaji akisema mashine zake hazijaribiwi kabla ya kulipiwa, Mwanjelwa ina maduka mengi.